Mhandisi akikagua, mkandarasi bado anawajibika?

Swali: Tunajenga madarasa Nkwenda, Kyerwa. Mkandarasi haonekani, anadai usimamizi ni wa mhandisi wa halmashauri. Je, ni sawa?

Jibu: Si sawa. Mhandisi hukagua kwa niaba ya mwenye mradi. Kazi ya kila siku ni ya mkandarasi, na usajili wake chini ya Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997 hudai awe na wataalamu. Makosa mazito hufanyika kati ya ukaguzi mmoja na mwingine: zege linaongezwa maji ili limwagike kwa urahisi, au nondo zinalazwa chini bila vitofali vya kuziinua, kisha zinafunikwa zisionekane tena. Tetemeko la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi Kagera na kutuonyesha gharama ya kuta dhaifu. Wapo watakaosema mkandarasi mdogo mwenye kazi Kayanga na Murongo hawezi kuwa kote. Kweli, lakini si lazima awepo mwenyewe. Aweke fomeni mwenye ujuzi na mamlaka ya kusimamisha kazi, na gharama yake iingie kwenye bei ya zabuni. Daini jina la fomeni huyo kwa maandishi, na zege lisimwagwe kabla nondo hazijakaguliwa.