Boti imefika, stoo imejaa

Mjomba,

Mimi ni karani wa kuhesabu mizigo hapa Bandari ya Juba. Kiswahili nilikipata Kakuma nilikosomea, ndiyo maana naweza kukusoma na kukuandikia. Kazi yetu ina kusubiri kwingi. Lori likikwama njia ya Nimule, tishari la kwenda Bor au Malakal halipakiwi, nasi tunakaa kivulini kutwa nzima. Katika kukaa huko nikaanza kucheza Hay Day, mchezo wa shamba, kwenye simu.

Mwanzoni nilipanda ngazi mbiombio. Nilifika ya 17, nikakarabati gati la mchezo, boti ikaanza kuja. Tangu hapo sisogei. Boti inataka vitu nisivyo navyo, stoo imejaa mayai na maziwa, na juzi niliuza ngano yote kibandani nikabaki sina hata punje ya kupanda. Almasi nilizimaliza kwa kuharakisha mikate. Sasa binamu yangu aliyeko Nairobi ananinunulia almasi, namrudishia nikipata mshahara. Mwezi uliopita nilimrudishia pesa niliyomuahidi mama kwa ajili ya kodi ya nyumba. Mama hajui. Wenzangu wanasema nifute shamba nianze upya, wengine wanasema niache kabisa. Nishauri.

— Karani wa Gatini, Juba

Mpwa wangu,

Nianze na mama. Mshahara ujao ukiingia, mama kwanza, na umwambie ukweli kwamba mwezi uliopita hela ilipita njia nyingine. Huna haja ya kumweleza almasi ni nini. Kisha mpigie binamu yako umwombe asinunue tena, hata ukimbembeleza. Na kama kuna kadi yoyote iliyounganishwa na simu yako, weka nywila kwenye duka la programu ili manunuzi yasipite kwa kugusa kitufe mara moja. Hayo yafanye leo. Shamba litakusubiri.

Nasema litakusubiri nikimaanisha hivyo hasa. Katika Hay Day mazao hayaozi yakikaa shambani na kuku hafi kwa njaa. Umeme ukikatika, bando likiisha, ukiitwa kuhesabu magunia hadi usiku, ukirudi utakuta kila kitu palepale ulipokiacha. Wanaoanza wengi hawalijui hili, wanahangaika kama vile kuna kinachoharibika, na hangaiko hilo ndilo linalowatoa hela. Mchezo wenyewe unapakuliwa bure. Supercell, kampuni ya Helsinki iliyoutoa mwaka 2012, inapata fedha kwa kuuza almasi, na matumizi yanayojitokeza mbele ya macho yako kila mara ni kufupisha kusubiri. Mkate wa kawaida unachukua dakika 5 kuiva. Wewe unayesubiri lori siku nzima umelipia dakika 5! Kati ya wachezaji wote wa mchezo huu, mtu wa gatini ndiye wa mwisho anayepaswa kununua muda, kwa sababu muda anao.

Usifute shamba. Ukianza upya na mwendo uleule utafika tena ngazi ya 17 na shida ileile. Kosa lako ni moja: ngazi zilikwenda mbele, nafasi ya kuhifadhi ikabaki nyuma. Kila ngazi mpya inaleta oda mpya za lori na boti, zenye vitu vingi zaidi na vya hatua nyingi zaidi, lakini stoo haikui yenyewe. Inaanza na nafasi 50, na ukiipanua mara ya kwanza inafika 75. Wewe unaijua hali hii kuliko mimi. Hapo Juba ndipo mto unapokoma kupitika. Kutoka hapo kwenda juu hadi Nimule maporomoko yanazuia vyombo, kwa hiyo mzigo wa Uganda unakuja kwa barabara, kilomita 192, unashushwa gatini na kusubiri chombo. Ghala likijaa kabla tishari halijafika, umeona mwenyewe kinachotokea. Magunia yanalala nje, lori la pili halishushi, na karani ndiye anayepigiwa kelele. Shamba lako liko katika siku kama hiyo.

Kwa hiyo, kwa majuma kadhaa sahau ngazi. Kazi yako iwe ngano.

Ngano inaiva kwa dakika 2, hakuna zao linaloipita kwa haraka, na ukipanda moja unavuna mbili. Wakati wa kuvuna, mara mojamoja mchezo hukudondoshea vifaa vya ujenzi: boliti, ubao na utepe kwa ajili ya stoo, misumari, skrubu na vibao kwa ajili ya ghala la mazao. Kadiri unavyovuna mara nyingi ndivyo unavyookota vingi, na ngano inaongeza pointi chache sana za kukupandisha ngazi. Ndicho unachokitaka sasa. Upanuzi wa kwanza unadai kimoja kimoja, unaofuata unadai zaidi. Vifaa hivyo usiviuze kamwe. Najua kibandani vina bei nzuri na sarafu zinavutia, lakini anayeviuza katika ngazi yako anauza kuta za stoo yake.

Umesema huna punje. Fungua gazeti la ndani ya mchezo, tafuta mkulima anayeuza ngano, nunua chache kwa sarafu. Mchezo utakapokuambia ununue mbegu kwa almasi, kataa. Panda zote ulizopata, vuna, panda tena, mpaka mashamba yajae. Baada ya hapo weka kiwango ambacho hushuki chini yake kwa kila zao, iwe ngano, mahindi, soya au mengine. Mimi ningesema idadi isipungue ya mashamba uliyonayo. Ziada ndiyo inayokwenda kibandani au kwenye mashine ya chakula cha mifugo, ambako ngano mbili na hindi moja vinakupa mifuko mitatu ya kuku.

Kuhusu mayai na maziwa yaliyojaa stoo, acha kulisha kwa siku moja mbili. Kuku asiyelishwa hatagi, na hilo halimdhuru. Weka mayai kiasi kwa ajili ya mikate ya mahindi, yanayobaki yauze, ukitumia tangazo la bure la gazeti ambalo linarudi kila baada ya dakika 5. Usipange bei ya juu. Unachouza hapo ni nafasi, na nafasi ndiyo uliyopungukiwa.

Usiku kabla hujalala, badilisha. Maboga yanachukua saa 3, mnili saa 2. Hivyo ndivyo vya kupanda unapofunga simu, pamoja na kujaza mashine bidhaa zinazochukua muda mrefu. Ngano ni ya mchana, ukiwa kivulini na simu mkononi. Na almasi utakazopewa ukipanda ngazi au ukitimiza mafanikio, zikusanye ununue nafasi za ziada kwenye mashine, ukianza na zile unazozitumia kila siku. Nafasi ikinunuliwa inabaki yako daima. Mkate ulioharakishwa unaliwa na lori la kwanza.

Ubao wa oda za lori nao una pipa la taka pembeni, na wanaoanza wanaogopa kulitumia. Oda inayotaka kitu kinachochukua nusu siku kwa sarafu kiduchu, itupe. Nyingine itakuja baada ya muda. Hakuna anayekuhesabia oda ulizozikataa.

Sasa boti. Naona ndiyo iliyokuvunja moyo, labda kwa kuwa kazini kwako tishari lisilojaa ni hasara na lawama. Katika mchezo sivyo. Ikitia nanga, isome yote kabla hujaweka chochote. Makreti unayoyaweza bila kukausha ghala, yajaze. Kila kreti linalipa palepale lilipojazwa. Ambayo huyawezi, weka alama ya kuomba msaada, majirani wenye mashamba makubwa hujaza kwa hiari kwa kuwa nao wanapata pointi. Wewe nawe wajazie wengine unapokuwa na ziada, ndivyo wanavyokukumbuka. Makreti yakibaki wazi, iache iende. Inayofuata itakuja, na haitakuwa na kinyongo.

Stoo ikifika 125 rudi kwenye oda kama zamani, na hapo utaona ngazi zinapanda bila kusukumwa. Uvuvi unafunguka ngazi ya 27. Usiukimbilie, kwa sababu nao unakuja na mizigo yake inayotaka stoo ileile.