Usitie Sahihi Kabla Hujaelezwa

Kipimo cha mishipa ya fahamu mara nyingi hupangiwa tarehe. Mwanao anaburura mguu, mkono umelegea, au akiitwa haitiki, na daktari anataka kujua kama ujumbe unapita sawasawa kwenye neva. Ikiwa hali si ya dharura, unazo siku za kuuliza, na sheria imekupa haki ya kujibiwa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mzazi au mlezi hali ya mtoto, vipimo na matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, haki ya kukataa, na litakalofuata akikataa. Inapowezekana, maelezo yatolewe kwa lugha anayoifahamu na kulingana na kiwango chake cha kusoma. Mama wa Kibokoni au Kuze, Mombasa, anayekabidhiwa fomu ya Kiingereza na kalamu juu yake, hiki ndicho kifungu chake, awe yuko hospitali ya umma ya Coast General au hospitali ya kibinafsi. Sema kwa upole: "Sista, naomba unieleze kwa Kiswahili kabla sijatia sahihi." Kifungu cha 9 kinataka ridhaa itolewe na mtu aliyekwisha kuelezwa. Sahihi pekee haitoshi.

Uliza ni kipimo gani hasa, maana vinatofautiana sana. Kipo kinachopitisha umeme mdogo kwenye ngozi ya mkono au mguu. Mtoto hushtuka kidogo, kisha basi. Kipo cha sindano nyembamba inayoingizwa kwenye msuli, na hicho huuma. Vipo vya kutazama miraba myeusi na myeupe kwenye skrini, au kusikiliza milio masikioni huku vibandiko vyenye waya vimewekwa kichwani, na hivyo haviumi. Ukiambiwa tu "ni kipimo cha neva", bado hujaelezwa.

Dawa ya usingizi ni jambo la kuulizia peke yake: nani ataitoa, nani ataangalia pumzi ya mtoto, na asile wala kunywa kwa saa ngapi. Mtoto asiyepewa dawa hiyo kwa kawaida hana haja ya kushinda na njaa, kwa hivyo usimnyime chai bila kuagizwa. Taja dawa zote anazotumia, na za kifafa usizikatize kwa uamuzi wako.

Mtoto naye ana haki zake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka maoni yake yasikilizwe katika jambo linalomhusu, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Binti wa miaka 10 akisema anaogopa sindano, mpeleke kwa daktari aulize mwenyewe. Na tafadhali usimdanganye kwamba mnakwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo. Akijikuta kitandani amefungwa nyaya, safari ijayo hatakuamini. Mwambie kutakuwa na nini, mbandike plasta mkononi, naye ambandike mwanasesere wake. Usiku wa kuamkia kipimo mwoshe nywele kwa sabuni mpaka mafuta ya nazi yatoke, wala usimpake losheni mikononi na miguuni. Kama vibandiko ni vya kichwani, uliza mapema kama misuko ifumuliwe.

Omba ukae naye chumbani. Wakikataa, uliza sababu, kwani Ibara ya 53 ya Katiba inatanguliza maslahi ya mtoto kuliko yote. Ibara hiyo hiyo inawatwika baba na mama jukumu sawa la malezi, wawe wameoana au la, kwa hivyo nauli na gharama za hospitali si mzigo wa mama pekee.

Kuhusu malipo, hakikisha mtoto ameandikishwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) chini ya mzazi, kisha uliza kabla ya siku yenyewe kama kipimo hicho kinalipiwa katika hospitali hiyo. Weka kila risiti.

Majibu yakitoka, omba nakala ya ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na mzazi huitumia haki hiyo kwa niaba ya mtoto. Ukitendewa vibaya, kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinakuruhusu kulalamika na malalamiko yako yachunguzwe. Mwandikie msimamizi wa hospitali, nakala yako igongwe muhuri, na usiporidhika ipeleke kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.