Presha ya Kulala na ya Kusimama: Vipimo vya Neva Zinazojiendesha

Mtu aliyeugua kisukari miaka mingi anapoinuka kutoka kwenye sijda akaona giza, watu wa nyumbani husema ni uzee au ni njaa. Huletewa maji ya sukari na habari ikaishia hapo. Lakini huenda walioumia ni wale watumishi wa mwili wasiongoja amri: neva zinazoongoza mapigo ya moyo, zinazokaza mishipa ya damu, zinazotoa jasho na kusukuma chakula tumboni. Kisukari kisichodhibitiwa huziharibu polepole, sawa na kinavyoharibu neva za miguu.

Visiwani Lamu, mgonjwa akiambiwa achunguzwe neva huanza kuhesabu nauli ya Mombasa: mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Garsen na Malindi. Si lazima aanzie huko. Kipimo cha kwanza, nacho ndicho chenye faida zaidi, chahitaji kitanda, saa na mashine ya presha tu. Kinaweza kufanywa katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, hata katika zahanati.

Utalazwa chali kwa dakika tano bila kuzungumza, kisha utapimwa presha na mapigo ya moyo. Utaambiwa usimame, upimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, muuguzi akiwa karibu asije akakuacha ukaanguka. Nambari ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hiyo si hali ya kawaida. Upungufu wa maji mwilini na baadhi ya dawa za presha pia huleta hali hiyo, na joto la pwani huizidisha. Ndiyo maana mapigo nayo hutazamwa: presha ikishuka na moyo usiongeze mwendo, neva ndizo zinazoshukiwa.

Aghalabu mgonjwa hupimwa akiwa ameketi tu. Presha huonekana iko juu, dawa ikaongezwa, na mtu akazidi kuanguka. Basi usione haya kuomba upimwe ukiwa umelala na ukiwa umesimama. Ukiwa umetoka Faza au Kizingitini kwa mashua, pumzika kwanza.

Vipimo vingine vilipangwa na madaktari David Ewing na Basil Clarke wa Edinburgh, Uskoti, miaka ya 1970 na 1980. Utabandikwa nyaya kifuani na kuambiwa upumue kwa kina mara sita kwa dakika. Moyo wenye neva nzima huenda mbio unapovuta pumzi na kupunguza unapoitoa. Tofauti ya mapigo 15 au zaidi ni njema. 10 au pungufu yatia shaka, ingawa kwa wazee hupungua yenyewe. Pia utapuliza mpira kwa nguvu kwa sekunde 15. Mwenye macho yaliyovuja damu kwa sababu ya kisukari amwambie daktari kabla ya kupuliza. Nyaya hizo hazipitishi umeme mwilini, zinasikiliza tu.

Katika hospitali kubwa kuna kitanda kinachoinuliwa, mgonjwa akiwa amefungwa mikanda, mpaka akawa karibu wima. Wengine huzimia. Hilo ndilo daktari analotaka kuliona. Kitanda hulazwa na fahamu hurudi upesi.

Siku ya kupimwa usinywe kahawa, hata kikombe kimoja cha dele pale barazani. Usivute sigara wala usitafune miraa, kwani vyote huchochea moyo na kupotosha majibu. Chukua dawa zako zote, za hospitali na za mitishamba, lakini usiache hata moja kwa uamuzi wako. Anayejidunga insulini asikae na njaa kabla ya kuuliza.

Majibu yakiwa mabaya, kuna la kufanya: kupunguza dawa zinazoshusha presha mno, kuketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na kuidhibiti sukari. Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Neva hizi zikiharibika, sukari yaweza kushuka bila jasho wala moyo kudunda, na mtu akapoteza fahamu pasipo onyo. Mgonjwa wa namna hii amwone daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.