JE, BAHARI ILIFIKA UNYANYEMBE?



Katika darasa la Kipaimara tuliulizwa hivi: konokono wa Ziwa Tanganyika wanafanana na wale wa baharini; je, huo si ushahidi kwamba Gharika ya Nuhu ilifunika hata Tabora? Tulijibu upesi kuwa ndiyo. Baadaye tulisoma zaidi, na sasa yatupasa kulisahihisha jibu letu.

Tuifuate njia ya kale ya misafara tukiangalia mawe. Pwani ya Bagamoyo ni matumbawe. Huko bahari haijatulia kamwe: miaka kama 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa karibu mita 120, na msafara ungeweza kutoka Unguja kwa miguu pasipo jahazi. Ukipanda bara kidogo, kama pale Kidugallo kwenye Reli ya Kati, kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe vya bahari, ya miaka kama milioni 170. Hapo bahari ilifika kweli. Iliacha tope na makombe, tope likawa jiwe, na makombe yakabaki ndani yake. Ndivyo wataalamu wanavyojua mahali bahari ilipokuwa.

Lakini kwetu Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, majabali ni ya granaiti, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500. Ukiyapasua hupati kombe hata moja.

Na konokono wa ziwani je? Hata wakubwa walijikwaa hapo. Mwaka 1883 Mjerumani Böhm, aliyewahi kukaa kusini ya Tabora, aliona ziwani konyeza, yule mnyama mlaini ambaye watu wa pwani wanamjua sana. Kisha Mwingereza J.E.S. Moore alifika mwaka 1896, na tena mwaka 1899, akashikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Lilikuwa wazo zuri, nasi tungaliliamini. Ila ziwa lilianza miaka milioni 9 hadi 12 tu iliyopita, ardhi ilipopasuka katika Bonde la Ufa, na bahari aliyoifikiria Moore ilikuwa ya zamani mno kuliko hapo. Konokono wale ni wa maji baridi tangu asili. Kaa wa ziwani huwavunja, na mwenye gamba nene ndiye anayepona akazaa. Hivyo vizazi kwa vizazi wakafanana na wa baharini.

Tumewarudia vijana, tukakiri kwamba tulikosea. Mmoja akauliza, "Basi Nuhu je?" Tukamwambia kwamba Mwanzo sura ya 6 hadi ya 9 tunaisoma ili tumjue Mungu afanyaye agano, wala hatuwezi kuiegemeza imani hiyo juu ya gamba la konokono. Hakuridhika sana. Amesema atarudi na swali jingine Jumapili ijayo, baada ya ibada.