Kutoka fremu ya Kariakoo hadi meza ya bodi

Elimu ya sheria ya chuo kikuu nchini Tanzania haikuanzia kampasi ya Mlimani. Ilianzia Mtaa wa Lumumba, mwaka 1961, ndani ya jengo la TANU, kitivo kikiwa kimoja tu, na wanafunzi hawakufika 20. Ukivuka barabara chache unaingia Kariakoo, na huko ndiko ninakokushauri uanzie, wakili kijana, hata kama jicho lako liko wizarani au kwenye kampuni kubwa.

Anza na mkataba wa fremu. Usichukue wa zamani kwenye kompyuta ukabadilisha majina. Muulize mpangaji: kilemba, ile hela ya kuingilia fremu, ulimpa nani, mwenye nyumba au mpangaji aliyetoka? Risiti iko wapi? Mwenye nyumba akitaka kubomoa ajenge ghorofa, utahama kwa notisi ya muda gani? Moto ukizuka, kama ulivyozuka soko kuu Julai 2021, hasara anabeba nani? Mzee wa duka atakujibu kwa hadithi ndefu yenye shemeji na kontena lililokwama bandarini. Msikilize tu. Kifungu unachokitafuta kimejificha humo humo.

Ukiajiriwa serikalini, usikimbilie kesi zinazotangazwa redioni. Omba kazi ya kuandika sheria na kupitia mikataba. Mtazame Jaji Mark Bomani: alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu, mwaka 1965, akakaa hadi 1976. Baadaye akafanya kazi ya Umoja wa Mataifa kuhusu Namibia, kisha akawa na ofisi yake ya uwakili. Mwaka 2007 Rais Kikwete alimkabidhi kamati ya kupitia sekta ya madini. Ripoti ikatoka 2008, na sheria mpya ya madini ikapitishwa 2010. Naamini aliitwa kwa sababu alikwisha kuiona mikataba akiwa upande wa serikali na akiwa wakili wa kujitegemea. Jina kubwa peke yake halisomi mkataba wa mgodi.

Kuingia kwenye kampuni, mlango wa mwanasheria ni ukatibu wa kampuni: sheria inataka kila kampuni iwe na katibu, na katibu ndiye anayeandika kumbukumbu za bodi. Lakini jifunze hesabu. Wanasheria wengi tunaziogopa, tunajificha nyuma ya vifungu. Muuza vitenge wa Kariakoo ambaye stoo yake imejaa na hana hela ya kuagiza mzigo mwingine alishakuonesha tofauti ya faida na fedha taslimu. Sasa itafute tofauti hiyo kwenye vitabu vya kampuni.

Penye hatari ni pale unapobadili kofia. Ukiwa kiongozi wa umma, Sheria ya Maadili ya mwaka 1995 inakutaka utamke mali zako. Zitamke zote, pamoja na kile kiwanja cha Kigamboni kilichoandikwa jina la mama. Ukiondoka, mafaili yabaki. Mwajiri anayekutaka kwa ajili ya siri za ulikotoka anajua pia kwamba kesho utauza za kwake. Kwa hiyo orodhesha mashauri yote uliyoyagusa serikalini, uiandikie bodi kwamba hayo hutayashughulikia, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo iende siku ya kwanza, kabla hujaoneshwa mahali pa kuegesha gari.