Acheni Kugombana na Mnara

Wadogo zangu wa Kasuku, maswali yenu ni yale yale: yaya, mnara wa simu uliosimama karibu na kwetu hautatuletea kansa? Mwingine ameshaapa kuhama. Tulieni. Kuogopa si aibu, ila hofu isiyouliza inachosha bure.

Sasa nami nikuulize: simu yako inalala wapi? Chini ya mto! Mchana je? Ndani ya sidiria! Jamani, unamkimbia wa mbali, unamkumbatia wa karibu? Mawimbi ya redio hupungua nguvu upesi kadiri yanavyosafiri. Ya mnara hukufikia yamechoka. Ya simu yanaanzia kwenye ngozi yako.

Yakizidi, mawimbi hayo hupasha mwili joto. Ndiyo maana wataalamu wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mawimbi haya, wameweka kikomo: kichwani, wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa gramu 10 za mwili. Marekani wanataka 1.6, kwa gramu 1. Nacho kikomo hakichezewi: Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12, maana ilipimwa 5.74 ikiwa imeshikwa mkononi au iko mfukoni, penye kikomo cha 4. Apple ikalazimika kurekebisha programu.

Kuhusu kansa, usibebe habari nusu. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa kansa la WHO lilisema huenda mawimbi haya yanaweza kuileta. Mwaka 2024 uchambuzi mkubwa ulioagizwa na WHO haukuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo. Basi usitetemeke, lakini usijisahau pia.

Onyo langu kubwa ni kuhusu rezo, yaani mtandao. Rezo ikiwa dhaifu, simu hupandisha nguvu, kama mtu wa Kasuku anayemwita mwenzake aliye Alunguli, ng'ambo ya mto. Na wewe ndipo unapoibana sikioni saa nzima, "alo, alo, unanisikia?" Aka! Tuma ujumbe, au weka spika, au subiri ufike penye rezo nzuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ukinunua simu, tafuta SAR au DAS, yaani kile kipimo cha wati kwa kilo, kwenye boksi, ama bonyeza *#07#. Simu nyingi hujibu. Muuzaji akinuna kwa kuulizwa, mdogo wangu, rudisha pesa zako mfukoni uende kwa mwingine.