Unene Si Pumzi

Huku kwetu kandokando ya ziwa tumezoea kusema kuwa mtu mnene ndiye mwenye afya. Kijana mwenye mwili mkubwa akiaga kwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi mlimani, tunasema, "Huyu hana shida, ana kifua." Je, ni kweli? Leo tujifunze.

Mapafu ya mwanamume mzima yakijaa kabisa huchukua hewa lita 6 hivi. Hiyo ni zaidi kidogo ya dumu la lita 5. Ya mwanamke huchukua pungufu. Kiasi hicho hutegemea sana urefu wa mtu na umri wake. Unene hauongezi kitu. Kumbe mafuta ya tumboni husukuma juu ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hewa ikakosa nafasi. Tena mafuta ni mzigo. Mwenye kilo 10 za ziada ni kama amebeba ndoo ya maji ya lita 10 asiyoweza kuitua.

Sasa twende mlimani. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vingi vya Wachaga viko kati ya mita 1,000 na 1,800, kwa hiyo hatupishani nao sana. Lakini kilele cha Uhuru, juu ya Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Huko kila pumzi inaleta karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani.

Wako watu duniani wanaoishi juu sana. Wenyeji wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, wengine wanaishi zaidi ya mita 3,500. Wana vifua vipana, na damu yao ina chembe nyekundu nyingi. Hawakupata hayo kwa kula sana. Wamezaliwa na kukulia huko, na wazee wao waliishi huko kwa maelfu ya miaka.

Hata kwetu tuna mfano. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita kando ya ziwa hili hili, alipata medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mwili wake ulikuwa mwembamba. Pumzi yake ilitokana na mazoezi.

Basi, anayekwenda mlimani afanye hivi:

1. Apande polepole kwa siku kadhaa, mwili uzoee.
2. Anywe maji ya kutosha na aache sigara.
3. Asikubali mzigo unaozidi kilo 20.
4. Kichwa kikimuuma na akatapika, aseme, wala asiendelee kupanda.
5. Mwenzake akipepesuka, akihema hali ameketi, au akikohoa mapovu, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Ugonjwa huu wa mlimani unaua, na hauchagui mnene wala mwembamba. Tusiseme, "Ana mwili, atavumilia." Wako waliokufa kwa kusubiri asubuhi.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini unene hauongezi pumzi?
2. Kwa nini mtu huhema sana akiwa juu mlimani?
3. Mwenzako akipepesuka huko juu, utafanya nini?